Mla jana alikula nini? Historia ya kimanda cha viazi na mlaji wa peke yake

Jumapili moja mwezi uliopita nilisimama jikoni kwangu nikiwa na viazi viwili, mayai mawili na kitunguu kimoja, nisijue nianzie wapi. Nina shahada ya uzamifu. Nimesimamia tasnifu za wanafunzi hadi nikasahau idadi yao. Tena nimekula kimanda cha viazi kwa miaka 34 ya ndoa, karibu kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Lakini wapi! Kumbe kula ni elimu moja na kupika ni elimu nyingine kabisa.

Mke wangu alitutoka mwaka jana. Watoto wetu wanne wako mbali, kila mmoja na shughuli zake. Basi nikampigia simu binti yangu, kifungua mimba, nikamweleza hali ilivyo jikoni. Alicheka kwanza, kisha akaanza kunielekeza.

"Baba, menya viazi, uvikate vyembamba, uvikaange kwanza kabla ya mayai," akaniambia. "Halafu... hebu ngoja. Mama alikuwa akitia kitunguu pamoja na viazi, au alikikaanga kando?"

Nikanyamaza. Miaka 34 nimekila chakula hicho, na jibu sina. Binti yangu naye hakuwa nalo. Aliyekuwa nalo hatuwezi kumpigia simu.

Swali hilo dogo la kitunguu ndilo lililozaa makala ya leo. Wahenga walinena kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo huwanyamazisha wanaojivunia ya kale. Inasema cha jana kimeshaliwa, kimekwisha. Mimi leo, kwa ruhusa ya wahenga, ningependa kulichukua swali hilo kama swali halisi linalotaka jibu. Mla jana alikula nini hasa? Ni nani aliyempikia? Na sisi tulio hai leo tunajuaje?

Tuanze na jina, maana ndiyo ada ya safu hii. Kamusi zetu zinakiita chakula cha mayai yaliyopigwa na kukaangwa kimanda. Ni neno zuri, fupi, lenye ngeli yake ya KI-VI isiyo na mashaka. Lakini hebu ingia katika mkahawa wowote jijini Nairobi uagize kimanda. Mhudumu atakukodolea macho kana kwamba umeagiza nyama ya nyangumi. Mwambie omleti, ataelewa papo hapo. Kimanda ni mojawapo ya maneno yetu mengi yaliyomo kamusini na hayamo vinywani.

Hata hivyo, neno lenyewe lina utamu wake. Wapishi wa sambusa wanazijua manda, yaani zile ngozi nyembamba za unga ambazo hukatwa na kukunjwa ili kufungia nyama. Mwenye sikio la lugha hawezi kusikia kimanda asizikumbuke manda, kwa kuwa vyote viwili ni vitu vyembamba na bapa. Na haya si ya Kiswahili tu. Neno omelette la Kifaransa lina asili katika neno la kale lenye maana ya ubapa mwembamba wa kisu. Wahispania nao hukiita tortilla, maana yake keki ndogo ya mviringo. Walipofika Mexico katika karne ya 16 wakakuta watu wakila mikate bapa ya mahindi, wakaipa nayo jina lilo hilo, ingawa wenyeji, Wanahua, waliiita tlaxcalli. Ndiyo maana hadi leo tortilla ya Madrid ni mayai na tortilla ya Mexico ni mkate. Waliotoa majina hayo walitazama umbo, hawakutazama kilichomo.

Ndugu zetu wa Tanzania ndio walioamua kutaja kilichomo: chipsi mayai. Hakuna fumbo hapo. Lakini vijana wa Dar es Salaam hawakutosheka, wakakibandika jina la mtaani, zege. Zege, kama ajuavyo fundi yeyote wa mjengo, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto. Chipsi ndizo kokoto, mayai ndiyo saruji inayozishika. Mtu akishakula sahani moja ya zege hasikii njaa hadi magharibi. Sijaona kamusi ikifafanua chakula kwa ufupi na usahihi namna hiyo.

Sasa tugeukie viungo vyenyewe. Yai ni la kale kila mahali penye kuku. Kiazi ndicho mgeni.

Kiazi hiki tunachokikaanga kilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye maeneo ya Peru na Bolivia za leo, karibu na Ziwa Titicaca. Wasemaji wa Kiquechua walikiita papa. Wahispania waliivamia himaya ya Wainka mwaka 1532, na katika miaka iliyofuata wakaanza kukutana na zao hilo geni. Lakini kabla ya hapo walikuwa wameshakutana na kiazi kingine katika visiwa vya Karibi, kile kitamu, ambacho Wataino walikiita batata. Maneno hayo mawili, papa na batata, yaligongana katika vinywa vya Wahispania, na katika mgongano huo likazaliwa neno la tatu, patata. Waingereza wakalichukua, wakalifanya potato.

Wareno kwa upande wao walilishika batata, wakalitembeza katika Bahari ya Hindi. Mjini Mumbai, kiazi cha kawaida kinaitwa batata hadi leo. Katika Kiswahili cha Pwani tunalo mbatata, na ukienda Malawi utakuta mbatata ya Kichewa ni kiazi kitamu, yaani maana ileile ya mwanzo ya Wataino. Neno limevuka bahari mbili likiwa halijasahau lilikotoka.

Bara hatukuhitaji neno jipya, maana tulikuwa na letu, kiazi. Hilo lilikuwepo kabla ya mgeni, likitaja mizizi ya nyumbani. Kiazi ulaya, au kiazi mviringo kama wasemavyo Watanzania, kilipoingia kilihitaji kivumishi cha kukitambulisha. Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Leo nchini Kenya ukimwambia mama mboga "nipe viazi vya mia", atakupimia vile vya mviringo bila kuuliza. Kiazi kitamu, mgeni aliyetangulia, ndiye anayelazimika kubeba kivumishi. Aliyekuja nyuma amechukua jina la nyumba na aliyemtangulia amebaki kujieleza mlangoni. (Mkoani Kati, bila shaka, watakwambia ni waru, na mjadala utaishia hapo.)

Kiazi hakikupokewa kwa shangwe Ulaya. Miongoni mwa rekodi za kale zaidi za kuliwa kwake barani humo ni daftari za ununuzi za hospitali moja mjini Seville, Uhispania, za mwaka 1573. Hebu liwazie hilo. Kiazi hakikuingia kupitia meza ya mfalme, bali kupitia bakuli la mgonjwa maskini. Kwa muda mrefu watu wengi walikitilia shaka. Kilimea chini ya ardhi, hakikutajwa katika Biblia, na mmea wake ni wa ukoo wenye mimea ya sumu. Kilionekana kuwafaa zaidi nguruwe.

Njaa na vita ndivyo vilivyokisafishia jina. Mwaka 1756 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alitoa amri kikuzwe katika himaya yake. Mfamasia Mfaransa, Antoine-Augustin Parmentier, alitekwa na Waprussia katika Vita vya Miaka Saba, akalishwa viazi gerezani, na alipotoka akiwa mzima wa afya akaamua kukitetea chakula hicho maisha yake yote. Mwaka 1772 madaktari wa chuo cha Paris walikubali hatimaye kwamba kiazi kinafaa kuliwa na binadamu. Katika mapishi ya Kifaransa, jina la Parmentier ukilikuta karibu na omleti, ujue imetiwa viazi.

Lakini ni nani aliyeviunganisha viazi na mayai katika kikaango kimoja kwa mara ya kwanza? Hapa ndipo historia inaponivutia zaidi, maana pana majibu mawili, moja la ngano na jingine la maandishi.

Ngano inasema hivi. Jenerali Tomás de Zumalacárregui, kamanda katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania vya miaka ya 1830, alifika akiwa na njaa katika nyumba ya mwanamke maskini wa mashambani. Mwanamke huyo alikuwa na mayai, viazi na kitunguu tu. Akavichanganya akavikaanga. Jenerali akala, akafurahi, akaamuru askari wake wawe wakipikiwa hivyo wakati wa kuuzingira mji wa Bilbao mwaka 1835. Tangu hapo, yasemekana, chakula kikaenea.

Ni hadithi tamu. Ila ina kasoro moja: upo waraka ulioitangulia kwa miaka 18. Mwaka 1817, mtu asiyejitaja jina aliliandikia bunge la Navarra, kaskazini mwa Uhispania, akilalamikia maisha duni ya wakulima wa milimani akiyalinganisha na ya watu wa Pamplona na wa mabondeni. Katika kuorodhesha vyakula vyao vya dhiki, alitaja mayai mawili au matatu yanayopikwa tortilla kwa watu watano au sita, na akaeleza inavyowezekana: wanawake wa huko wanajua kuitengeneza ikawa kubwa na nene kwa mayai machache, kwa kuchanganya viazi, makombo ya mkate au chochote kilichopo. Tena wapo watafiti wanaorudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1798, katika mji wa Villanueva de la Serena, ambako watu wawili wenye mashamba walikuwa wakitafuta namna ya kutumia viazi kupunguza njaa.

Msomaji mpenzi, tafakari kidogo kuhusu waraka huo wa Navarra. Haukuwa kitabu cha mapishi. Yalikuwa malalamiko. Mwanamume mmoja alikuwa akiwaeleza wakubwa jinsi watu wake wanavyoteseka, na kwa kupitia tu, katika sentensi moja, akatuachia ushahidi wa ustadi wa wanawake ambao walikuwa wakiupika mlo huo kwa muda ambao haukuandikwa. Hatuna jina hata la mmoja wao. Jenerali jina lake tunalo, na alichofanya ni kula tu.

Ndivyo historia ya chakula ilivyo mahali pengi. Anayekula huandikwa. Anayepika hukumbukwa, na kumbukumbu huenda na wenyewe.

Wahispania walikipenda chakula hicho kiasi kwamba hata kilipowezekana si viazi wala mayai, hawakukiacha. Baada ya vita vyao vya 1936 hadi 1939 nchi iliingia katika miaka ya njaa, na mgao wa chakula kwa kadi haukukoma hadi 1952. Mwaka 1941 mpishi mashuhuri, Ignasi Domènech, alichapisha kitabu cha mapishi ya wakati wa dhiki. Humo mna tortilla ya viazi isiyo na viazi wala mayai. Pahali pa viazi palitiwa ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la chungwa, ikirowekwa majini. Pahali pa mayai palitiwa uji wa unga na maji. Sijui mtu angekiitaje chakula hicho kwa Kiswahili. Labda kimanda cha subira.

Tuje nyumbani sasa. Kiazi kilifika katika nyanda za juu za Kenya mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na Wazungu, kikapenda baridi yake, kikakaa. Leo ni zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Nyandarua, Nakuru, Meru, Elgeyo-Marakwet na Bomet wanakilima kwa wingi, na aina iitwayo shangi ndiyo iliyotawala masoko, kwa kuwa hukomaa upesi na huiva upesi jikoni.

Yai nalo lina historia yake kwetu, na si historia ya kuchekesha. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, Waganda wakiwemo, mwanamke wa zamani hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Kwetu magharibi mwa Kenya nilikokulia, nyanya yangu alifuga kuku uani, akawalisha, akawafukuzia mwewe, akawapika. Hakuwala. Mayai aliyaokota na kuyahesabu, akatupa sisi wavulana. Kiswahili kimelifupisha jambo hili katika neno moja lenye maana mbili: mwiko. Mwiko ni kifaa cha kukorogea na kupakulia. Mwiko pia ni katazo. Nyanya yangu alishika mwiko wa kwanza maisha yake yote, na mwiko wa pili ukamshika yeye.

Je, mlaji wa peke yake alitoka wapi? Maana kimanda cha Navarra kilikuwa cha watu sita, na vyakula vyetu vya jadi hakuna kilichopimwa kwa mtu mmoja. Ugali husongwa wa nyumba nzima. Mgeni akitokea, anakaribishwa kunawa mikono tu, hapimiwi upya. Hata lugha yetu humwonea shaka anayekula peke yake.

Nadhani jibu limo katika miji yetu. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama kibarua, haikumtaka kama mkazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwanamume alishaanza kutembea na kipande shingoni. Mshahara wake ulipimwa kama wa mtu asiye na familia, hata kama alikuwa na mke na watoto watano kijijini, na mitaa mingi aliyojengewa Nairobi ilihesabiwa kwa vitanda. Mke alibaki shambani akilima. Mume alibaki mjini akijipikia kwenye jiko la makaa, au akinunua cha kula njiani. Kwa hiyo mlo wa mtu mmoja kwetu haukuanza kama mtindo wa maisha. Uliletwa na sera.

Na kuna kinaya kingine. Wanaume hao hao walioajiriwa kuwa wapishi katika nyumba za walowezi walijifunza kugeuza omleti hewani bila kuipasua. Waliporudi kijijini likizo hawakukanyaga jikoni, kwa kuwa jikoni ni kwa wanawake. Kupika kwa mshahara kulikuwa kazi. Kupika bila mshahara kulikuwa aibu. Kizazi changu kilirithi aibu hiyo bila kurithi ujuzi.

Leo ukisimama usiku kandokando ya barabara ya mji wowote wa Tanzania, na sasa hata katika miji yetu, utamwona kijana mwenye karai la mafuta na kikaango. Anatupa kiganja cha chipsi kikaangoni, anavunja mayai mawili juu yake, anazungusha, anageuza, anakitelezesha kwenye sahani na kachumbari pembeni. Sahani moja, mtu mmoja. Anayengoja ni mlinzi, utingo, mwanafunzi, au fundi anayekwenda kulala katika chumba kisicho na mtu. Hakuna Mhispania aliyekuja kumfundisha kijana huyo. Palipo na viazi, mayai na njaa, mkono wa mpishi hufika palepale.

Ila tofautisha hesabu. Kule Navarra mayai mawili au matatu yaligawanywa kwa watu watano au sita, takriban nusu yai kwa kila mtu. Kwenye zege, mayai mawili ni ya mlaji mmoja. Viazi vilitiwa kule ili mayai yatoshe wengi. Huku hutiwa ili mmoja ashibe.

Basi nirudi jikoni kwangu, maana najua wapo wasomaji walio katika hali yangu ambao hawatauliza hadharani. Baada ya Jumapili nne za majaribio, naweza kusema machache kwa uhakika. Viazi viwili vya wastani vinamtosha mtu mmoja. Vimenye, uvikate vipande vyembamba, unene wa sarafu ya shilingi kumi. Vitie katika mafuta yenye moto wa wastani, ukiwa umevinyunyizia chumvi, uvifunike. Lengo ni viive vilainike, si vikauke kama krispi. Hilo huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Vichuje mafuta. Piga mayai mawili bakulini, uvitie viazi vikiwa bado moto, kisha uache mchanganyiko utulie dakika tano. Usiruke hatua hiyo. Joto la viazi huanza kuyafanya mayai yawe mazito, na kimanda hakitasambaratika. Rudisha kikaangoni kwa mafuta kidogo, moto mdogo, dakika tatu. Funika kikaango kwa sahani, pindua vyote kwa pamoja, kisha kitelezeshe kimanda kirudi upande wa pili. Mara ya kwanza changu kiliishia sakafuni. Si neno.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa la kikaango. Nilitumia kile cha nyumbani, kipana, cheusi, kizito. Mayai mawili yalitawanyika humo yakawa membamba kama manda. Ndipo nilipogundua kwamba kikaango hicho kilinunuliwa kwa ajili ya watu sita. Nikakaa chini. Kimanda cha Jumapili nilichokikumbuka kilikuwa kinene, kirefu kama kitabu. Ili kuwa hivyo katika kikaango kile kingehitaji mayai kumi na mawili. Nikamwuliza binti yangu kama anakumbuka idadi.

"Manne, Baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani. Nilinunua manne."

Mayai manne, watu sita. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, mshahara wa mhadhiri ulipokuwa wa kuhesabu kwa vidole na karo zilipokuwa hazingoji mtu. Mimi nilikuwa nikila nikisifu unene wa kimanda, nikidhani ni neema. Kumbe mke wangu alikuwa akifanya lile hasa lililoandikwa Navarra mwaka 1817: kubwa na nene, kwa mayai machache. Nimefundisha miaka mingi jinsi ya kusoma ushahidi. Huu ulikuwa mezani mwangu kila wiki na sikuusoma.

Kuhusu kitunguu, nilifanya utafiti kama nilivyofunzwa. Binti yangu alikumbuka kitunguu kikikaangwa pamoja na viazi. Kijana wangu wa pili aliapa kwamba kimanda cha mama hakikuwa na kitunguu hata chembe. Huko Uhispania nako, kwa taarifa yako, watu wamegawanyika kambi mbili juu ya jambo hilohilo, na hazipatani. Mashahidi wawili, nyumba moja, na ushahidi unaopingana. Mwanahistoria akifika hapo hutafuta shahidi wa tatu.

Nilimpata. Ni dada aliyetusaidia kuwalea watoto miaka ile, ambaye sasa ana wajukuu. Nilimpigia simu, tukajuliana hali, akanipa pole upya, kisha nikamwuliza. Hakusita hata kidogo.

"Wote wanasema kweli, Prof," akasema. "Watoto hawakupenda kitunguu. Ukiwa safarini, mama alikuwa hatii. Ukiwepo, anatia. Alikuwa anasema kimanda bila kitunguu wewe utakiacha."

Sikuwahi kumwambia mke wangu kwamba ningekiacha. Wala hakuwahi kuniuliza. Alikuwa ameona tu, siku moja ambayo siikumbuki, akaliweka moyoni na kulifuata miaka yote hiyo.

Kwa hiyo swali la mla jana kala nini nimelipatia jibu, angalau kwa nyumba moja: alikula mayai manne yaliyofanywa yatoshe sita, na kitunguu kilichokatwa kwa ajili yake. Jibu hilo lilikuwa limebaki kichwani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo naye ana umri. Ningechelewa mwaka mmoja au miwili, huenda ningebaki na ngano, kama ile ya jenerali.

Wewe ambaye anayekupikia bado yuko, iwe mama, mke, mume au shangazi, ingia jikoni leo ukamwulize. Muulize idadi ya mayai. Muulize kitunguu kinaingia lini, na kwa nini. Andika jibu nyuma ya bahasha ukipenda, lakini andika, na utaje jina lake.

Mimi nimenunua kikaango kidogo, cha mtu mmoja. Kile kipana nimekiosha nikakitundika, maana watoto watakuja Disemba.